Majibu Yangu Nitayasoma Mwenyewe

Asubuhi hiyo Mama Chapa alikunja shuka moja mara tatu. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena, akaliweka juu ya kiti. Kisha akalichukua akalitandika kitandani. Mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Mama, hilo shuka limekukosea nini?"

"Halijanikosea kitu. Mikono inataka kazi."

Ni kweli, mikono ya Mama Chapa haikuzoea kukaa bure. Kwa miaka thelathini na mbili alikuwa mpiga chapa ofisini. Mkubwa wake anasema, yeye anapiga. Alipiga barua na mihutasari bila kutazama vitufe, huku akipiga soga na mwenzake wa meza ya pili. Ndiyo maana mtaa ukamwita Mama Chapa. Alipostaafu, jina halikustaafu.

Kilichokuja kumharibia raha ni macho. Jicho la kushoto lilitangulia. Katikati ya kila alichotazama palikuwa na doa, na doa halikufutika. Pembeni aliona vizuri tu. Aliona mlango, lakini hakuona kitasa. Aliona mtu ana masikio na mabega, lakini pua hana.

"Watu wa nyumba hii nawajua kwa masikio," alikuwa akisema.

Mwanawe wa kwanza alicheka sana kwa neno hilo. Yeye ni kinyozi, na chumba cha mbele cha nyumba ndicho alichofungulia kazi yake. Masikio ya watu ndiyo aliyoyazunguka kutwa.

Kisha, miezi miwili iliyopita, jicho la kulia nalo likaanza visa. Mistari iliyonyooka ilianza kupinda. Fremu ya dirisha ilionekana imevimba katikati, na herufi zikakataa kutulia. Kinyozi akampeleka mama yake kliniki ya macho. Macho yakapigwa picha kwa mashine. Wakaambiwa majibu yatawekwa kwenye tovuti ya kliniki, na kila mgonjwa atapata ujumbe kwenye simu.

"Andika namba yangu," kinyozi alimwambia mhudumu. "Mama atasumbuka bure."

Mama Chapa alikuwa amesimama hapo hapo. Hakusema kitu siku ile. Baadaye alijuta.

Ujumbe uliingia tarehe nane. Kinyozi alizima mashine ya kunyolea, akatazama simu, akakaa kimya. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Majibu, mama. Wamesema macho yanaendelea vizuri. Endelea na miwani. Watakuita."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu."

Hebu nikuulize, msomaji. Mtu aliyepiga chapa miaka thelathini na mbili utamdanganya kwa maneno? Mama Chapa alijua urefu wa barua kwa kusikiliza tu. Kimya kile kilikuwa cha nusu ukurasa. Maneno aliyosomewa yalikuwa ya mstari mmoja. Tangu siku hiyo hakai, hatulii. Anachemsha maji, anasahau kutia majani ya chai. Anatoka uani, anarudi ndani, anasahau alichofuata.

Siku ya nane, yaani asubuhi ile ya shuka, alimwendea mwanawe tena.

"Nisomee tena yale majibu."

Kinyozi akashika simu. "Hali ya macho ni nzuri. Vaa miwani kila siku. Watakujulisha."

"Mara ya kwanza ulisema yanaendelea vizuri."

"Si ndiyo hivyo hivyo, mama?"

"Si hivyo hivyo. Maandishi hayabadilishi maneno yake ndani ya wiki. Anayebadilisha ni msemaji."

"Mama, nina mteja." Mashine ikawaka tena. Vrrr.

Mama Chapa akaenda jikoni. "Mkwe wangu, mumeo kasoma nini kwenye ile simu?"

Mkwe alikuwa akiosha sufuria. Sasa akaiosha kwa nguvu zaidi. "Mimi hapo simo, mama. Ukiniuliza habari za mboga nitakwambia."

Basi Mama Chapa akajua kwamba lipo jambo. Kama ni jambo jema, nani angelificha? Alitoa simu yake, ile kubwa aliyonunuliwa na mwanawe, akajaribu kuitafuta tovuti ya kliniki peke yake. Aligusa hapa, ukurasa ukaruka kule. Aligusa kule, picha za ajabu zikafunguka. Ghafla simu ya mkwe ikalia jikoni.

"Mama, mbona unanipigia?" mkwe akauliza kwa sauti.

"Sikupigii mimi! Simu ndiyo inakupigia!"

Alitamani kuitupa kisimani. Badala yake aliifunga kwenye khanga, akachukua fimbo yake, akavuka barabara.

Upande wa pili palikuwa na kibanda cha fundi simu. Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, bisibisi nyuma ya sikio. Watu walimwita Bisibisi, naye aliitika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kufungua tovuti ya kliniki ya macho nisome majibu yangu."

"Lete nikusomee."

"Nimeshasomewa! Nimesomewa mpaka nimechoka. Nataka nisome mwenyewe."

Bisibisi aliweka chini simu aliyokuwa akiitengeneza. Aliona mikono ya mama ikichezea ncha ya khanga. Akavuta kiti.

"Kaa kwanza. Niambie unaona nini na huoni nini. Nisije nikakupa dawa ya mguu na wewe unaumwa jino."

Mama Chapa akaeleza habari za doa, za masikio bila pua, na za dirisha lililovimba. Bisibisi alisikiliza mpaka mwisho, akafungua simu.

"Ndani ya simu yako kuna mipangilio. Ndani ya mipangilio kuna mahali panaitwa Ufikivu. Maana yake, kila mtu afike, kwa njia yake. Tazama sasa."

Alizikuza herufi mpaka zikawa kubwa kama vikombe. Akageuza rangi, nyuma kukawa kweusi, maandishi yakawa meupe.

"Ehee! Naona kuna maneno," Mama Chapa akasema. Alisogeza uso, akaugeuza pembeni kidogo. "Lakini neno likiwa refu, linaliwa katikati."

"Wapo wengi ambao hili la kukuza lingewatosha. Wewe tukuongezee sauti." Bisibisi akagusa mahali pengine. Simu ikaanza kusema kwa Kiswahili, haraka haraka.

"Anakimbizwa na nani huyu?" Mama Chapa akashtuka.

Bisibisi akacheka, akaipunguza mwendo. "Huyu anaitwa kisoma skrini. Ukigusa kitu mara moja, anakwambia ni nini. Hakifunguki. Ukitaka kifunguke, gusa mara mbili haraka. Ukitaka kitu kinachofuata, telezesha kidole kwenda kulia."

"Na hivi vyote vilinunuliwa lini?"

"Havinunuliwi, mama. Vimo ndani tangu siku simu ilipotoka dukani. Vya wengine pia vimo. Asiyesikia anawekewa maandishi chini ya video. Ambaye mikono yake inatetemeka anaiamuru simu kwa mdomo."

"Na mwanangu aliyeninunulia hakujua?"

"Kinyozi anajua mashine ya kunyolea. Kila mtu na fani yake."

Mama Chapa akajaribu. Akatelezesha, akapita alipotaka. Akarudi, akapita tena. Akagusa mara mbili polepole mno, kisha haraka mno. Jasho likamtoka. Alipiga meza kwa kiganja.

"Kidole kwenye kioo hakina pa kushika! Miaka yote mimi nilikuwa na vitufe. Vitufe, mwanangu! Vinabonyea, vinasikika!"

"Vitufe vya nini?"

"Vya taipureta. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Hata jina hulijui linatoka wapi?"

Bisibisi alipigwa na butwaa kidogo. "Mimi nilidhani ulikuwa na duka la nguo za chapa! Mbona hukusema?" Akainama chini ya meza, akavuta boksi, akatoa kibodi nyembamba isiyo na waya. Aliiunganisha na simu, akaiweka mbele ya mama.

Mama Chapa hakuitazama. Vidole vyake viliteremka juu ya vitufe vikatafuta. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuta kinundu kidogo kwenye F. Cha kulia kilikuta kinundu kwenye J. Mabega yake yakashuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nane mwili wake kutulia.

"Kitufe cha tab unakikumbuka?" Bisibisi akauliza.

"Kile cha kushoto. Kwenye taipureta kilirusha karatasi hadi safu inayofuata."

"Hapa kinakurusha hadi kiungo kinachofuata, yaani mlango wa ukurasa mwingine, au kitufe kinachofuata. Kila ukitua, sauti itakwambia umetua wapi. Ukitaka kufungua, bonyeza Enter. Kioo usikiguse kabisa."

Mama Chapa akaandika jina la kliniki. Aliandika kwa kasi mpaka Bisibisi akasema, "Ala!" Akaruka kwa tab, sauti ikataja, akaruka tena, sauti ikataja. "Ingia kuona majibu," sauti ikasema. Akabonyeza Enter.

Hapo wakakwama. Tovuti ilitaka namba ya siri ya muda, na namba hiyo ingetumwa kwenye simu ya kinyozi.

"Nikamwombe?" Mama Chapa aliuliza, lakini alijijibu mwenyewe. "Siendi. Ataniambia ana mteja. Nipigie kliniki."

Mhudumu wa mapokezi akapokea. Mama Chapa akataja namba ya kadi yake, tarakimu nane, bila kutazama kadi. Mafaili ya ofisini yalimzoesha hivyo. Akataja tarehe ya kuzaliwa na mtaa.

"Ninabadilisha namba, mama," mhudumu akasema. "Lakini nikushauri jambo. Kliniki inafungwa saa kumi, na nikitazama hapa naona una..." Akasita. "Kwa simu siruhusiwi kusoma majibu. Yasome sasa hivi, tafadhali."

Mhudumu alikuwa amesema sasa hivi, tena kwa kusihi.

Namba ya siri ikaingia kwenye simu yake mwenyewe. Akaiandika, ukurasa ukafunguka, akabonyeza tab.

"Kitufe," sauti ikasema.

Akaruka.

"Kitufe."

Akaruka tena.

"Kitufe. Picha, moja tatu saba."

"Kitufe cha nini? Picha ya nani?" Mama Chapa alifoka. "Mbona huyu amekuwa kasuku?"

"Si kosa la sauti, mama. Kosa ni la aliyejenga ukurasa. Kila kitufe kinatakiwa kiandikiwe jina kwa nyuma. Jicho halilioni jina hilo, lakini kisoma skrini kinalisoma. Huyu hakuandika. Na majibu kayapiga picha, kaibandika. Picha haina herufi ndani yake, ni rangi tu."

Wakiwa katika maneno hayo, sauti ikasema, "Kwa usalama wako, muda wa dakika mbili umekwisha. Ingia upya."

"Dakika mbili?" Mama Chapa akasimama, akakaa. "Mwenye macho mazima ndiye aliyepimiwa dakika hizo! Hakufikiria kama kuna mtu atafika kwa kupapasa?"

Saa nane u nusu ikawa imepita. Wakaomba namba nyingine ya siri, wakaingia tena. Safari hii Bisibisi alikuwa tayari. Ilipofika ile picha, aliihifadhi kwenye simu, akafungua programu inayotambua maandishi yaliyochapwa ndani ya picha. Akampa mama hedifoni.

"Vaa. Majibu ya daktari hayasikilizwi na mtaa mzima. Mimi nipo hapa nje."

Akatoka, akasimama akikipa kibanda mgongo.

Sauti ikaanza kusoma. Hapa na pale ilitafuna neno, kwa maana picha ilipigwa upande. Lakini Mama Chapa alizoea kusikiliza wakubwa waliosema na biskuti mdomoni. Alielewa. Jicho la kushoto, katikati limeharibika. Jicho la kulia, mishipa midogo imeanza kuvuja nyuma ya jicho. Mgonjwa aanze sindano mapema ili jicho lisifuate la kwanza. Miadi ni tarehe kumi na saba, saa tatu asubuhi. Mgonjwa athibitishe miadi kabla ya saa kumi jioni ya tarehe kumi na sita, vinginevyo nafasi atapewa mwingine.

Alisikiliza mara mbili. Kisha akavua hedifoni.

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na sita," Bisibisi akajibu kutoka nje.

"Saa?"

"Tisa na robo."

Hasira na woga vilimpanda kwa pamoja, na hakujua kipi kitangulie. Siku nane! Siku nane jicho linavuja, na yeye anaambiwa avae miwani. Muda wa ukurasa ulikuwa umekwisha tena, akaomba namba mpya ya siri, akaingia upya peke yake.

"Njoo," akasema. "Nataka kuthibitisha miadi. Vitufe ni vitatu. Nibonyeze cha kwanza?" Kidole chake kilikuwa tayari juu ya Enter.

"Subiri!" Bisibisi akaingia kwa haraka, akainamia skrini. "Toa kidole, mama. Cha kwanza kina msalaba mwekundu. Hicho kinafuta miadi. Cha pili kina kalenda. Cha tatu kina alama ya vema, ya kijani. Hicho ndicho."

Mama Chapa akaondoa kidole. "Yaani ningelifuta jicho langu mwenyewe."

"Ungelifuta. Na mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani naye angebahatisha. Rangi peke yake haimwelezi kila mtu. Lazima pawe na neno."

Tab, tab, Enter. "Miadi imethibitishwa," sauti ikasema. "Ijumaa, tarehe kumi na saba, saa tatu asubuhi."

Mama Chapa aliinamisha kichwa juu ya kibodi. Bisibisi alimletea maji, naye akayanywa yote.

Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja mama yake alipoingia.

"Kesho saa tatu nakwenda kuchomwa sindano ya jicho," Mama Chapa akasema. "Ukitaka twende wote, twende. Usipotaka, nitakwenda na Bisibisi."

Mashine ikazimika. Mteja akatazama huku na huku kupitia kioo. "Mimi naweza kurudi baadaye," akasema, akainuka na nusu kichwa chake.

"Nani kakusomea?" kinyozi akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimesoma mwenyewe. Kwa masikio na kwa vidole. Ungeniambia lini?"

"Nilikuwa nasubiri siku nzuri."

"Siku nzuri ya kupofuka ni ipi?"

Kinyozi akakaa kwenye kiti cha mteja. Mkwe alikuwa ametokea mlangoni, mikono ina povu. Hakuna aliyemwambia aondoke.

"Baba alipoambiwa majibu yake, aligeukia ukutani," kinyozi akasema. "Nilimwona. Hakumaliza wiki tatu. Nikasema mama nikimwambia, naye atageukia ukutani. Niliogopa, mama. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, nikifika mbele yako ulimi unakufa."

Mama Chapa alitaka kumgombeza zaidi. Maneno alikuwa nayo, tena ya kutosha. Lakini alimsikia mwanawe anavuta pumzi kama anavyovuta mtu anayezuia kilio.

"Baba yako alikufa kwa ini," akasema. "Hakufa kwa kuambiwa. Na pale ukutani mimi nilikuwepo. Alinishika mkono akaniambia mambo ambayo hakuwahi kuniambia kwa miaka ishirini. Asingejua kwamba anakwenda, angekwenda nayo. Wewe ulitaka mimi nisijue?"

"Nisamehe, mama."

"Watu husema mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Mimi sikuyaficha. Mimi ndiye niliyefichwa, nimekaa hapa hapa nakunja shuka! Jicho ni langu. Majibu yake, mazuri au mabaya, yanafika kwangu kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na wewe," akamgeukia mkwe, "mboga zako nitazikumbuka."

"Nilimwambia akwambie, mama," mkwe akasema. "Kila siku nilimwambia. Lakini nilitakiwa nikwambie mimi."

"Ulitakiwa," Mama Chapa akakubali.

Kesho yake walikwenda wote watatu. Daktari alisema wamewahi. Alitia dawa ya ganzi, akachoma sindano. Haikuuma kama alivyoiogopa. Alipoulizwa maumivu yakoje, alisema ametoka kwenye maumivu ya siku nane, haya ni mchezo. Daktari akampangia arudi kila mwezi.

Bisibisi alimwazima ile kibodi. Kazi ya kwanza aliyoifanya nayo ni barua kwa mkuu wa kliniki. Aliipanga sawasawa, tarehe mahali pake, kichwa cha habari mahali pake. Aliandika: "Tovuti yenu ina vitufe vitatu visivyo na majina. Kimoja kinamleta mgonjwa kwa daktari, kingine kinamfukuza, na asiyeona hajui kipi ni kipi. Majibu yenu ni picha, na picha haisomeki kwa sauti. Muda wenu unakwisha kabla mtu hajapapasa mlango. Naomba mrekebishe. Sitachoka kuandika."

Kweli hakuchoka. Aliandika mara tatu. Baada ya barua ya tatu, mjenzi wa tovuti mwenyewe akapiga simu.

"Mama, nimevipa vitufe majina. Unaweza kunijaribia?"

Mama Chapa akaruka kwa tab. "Kitufe cha kwanza," sauti ikasema. "Kitufe cha pili. Kitufe cha tatu."

"Mwanangu, hayo ni majina au ni foleni?"

Mjenzi akacheka, kisha akaona aibu. "Nilikuwa natazama tu, mama. Sikuwahi kusikiliza."

"Basi funga macho usikilize. Ndiyo njia ya kujua."

Alifanya hivyo. Wiki iliyofuata sauti ilisema, "Thibitisha miadi. Badilisha tarehe. Futa miadi." Cha kufuta kilikuwa mwisho, na ukikibonyeza kinauliza kwanza kama una hakika. Majibu yaliandikwa kwa maandishi halisi, unayakuza utakavyo, unayasikiliza utakavyo. Na muda ulipokaribia kwisha, ukurasa uliuliza, "Unahitaji muda zaidi?"

Katika mtaa habari zilienea. Mzee mmoja mwenye mikono inayotetemeka alikwenda kwa Bisibisi kujifunza kuiamuru simu kwa mdomo. Binti asiyesikia alikwenda kutaka maandishi kwenye video. Bisibisi akaweka kiti cha pili kibandani.

Mwezi wa tano tangu sindano ya kwanza, majibu mapya yakaingia. Simu ililia mchana, Mama Chapa akiwa peke yake uani. Wasiwasi ulimrudia palepale. Alizunguka uani mara mbili. Kisha akapiga moyo konde, akakaa, akavaa hedifoni, akaweka vidole juu ya vitufe.

Alisoma yote. Akakaa. Kisha akainuka akaenda chumba cha mbele.

Kinyozi alikuwa na mteja. Alimwona mama yake mlangoni, akajua, kwa sababu yeye aliuona uso mzima. Hakuuliza. Alikuwa amejifunza kungoja.

"Jicho la kulia limeacha kuvuja," Mama Chapa akasema. "Litabaki kama lilivyo. Nitaendelea kuona mlango, na nitaendelea kuona masikio yenu."

"Alhamdulillah," mteja akasema.

"La kushoto halirudi. Wameandika hivyo. Halirudi tena."

Akaketi kwenye benchi karibu na mlango.

"Nikufanyie nini, mama?" kinyozi akauliza.

"Usinifanyie kitu. Kaa hapa nilie kidogo. Halafu umnyoe mtu."

Kinyozi akazima mashine, akavuta kiti, akakaa kando yake.